Kabla ya Kusema "Ameshaondoka"



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulipokuwa tunakunywa chai, mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu nikiwa nimeshika kikombe. Alisema: "Mzee, mtu akigongwa na gari, akaumia kichwa, akalala wiki na wiki, haongei, hashiki mkono, hakutazami, je, bado yupo? Au tunalinda mwili tu?" Nilimwambia nitamjibu kwenye ukurasa huu. Leo natimiza ahadi, lakini kwanza nina deni la kukiri.

Miaka michache iliyopita ndugu yetu mmoja, mlinzi wa magari, aligongwa usiku akivuka barabara karibu na bandari, akirudi nyumbani hapa Albert Park. Wengi mnamkumbuka, ingawa sitamtaja jina. Alipelekwa hospitali, akapasuliwa kichwa, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kupumulia. Tulikuwa tunakwenda kumwona kwa zamu. Siku ya tisa tulisimama wanaume wanne kando ya kitanda chake, na tukaanza kuzungumza habari ya pesa. Ndege mpaka Bujumbura ni kiasi gani, gari la kuvuka mpaka kwenda Uvira ni kiasi gani, nani atapiga simu kwa mama yake. Aliyesema, "Ndugu zangu, tukubali, huyu ameshaondoka," nilikuwa mimi.

Muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu kitanda cha pili akaja. Hakutukemea. Alitwambia kwa sauti ya chini kwamba kama tunataka kuzungumza mambo hayo tutoke koridoni, kwa sababu huyu kaka huenda anatusikia. Kisha akainama karibu na sikio la ndugu yetu, akamwita "Bhuti," akamwambia kwamba sasa atamgeuza upande wa kushoto, asiogope. Akamgeuza.

Ndugu yetu alifariki wiki ya sita. Sijui kama alinisikia siku ile, na sitajua mpaka tutakapokutana. Ndiyo sababu swali la mama yetu halikuwa geni kwangu. Nimesoma kadiri ya uwezo wangu, nimewauliza watu wanaofanya kazi hospitalini, na haya ndiyo niliyoyapata.

MASHINE ZINAZOONA KAZI YA MWILI

Wengi wetu tumeanza kuzisikia mashine hizi kwa sababu ya kansa, kwa hiyo nianzie huko.

Eksirei na CT skani huonyesha umbo. Zinaonyesha mfupa umevunjika wapi, damu imevuja wapi, uvimbe una ukubwa gani. Tiba ya nyuklia huonyesha kitu kingine, yaani kazi. Mgonjwa anadungwa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi. Dawa inasafiri na damu mpaka mahali panapofanya kazi sana, kisha kamera inanasa mionzi inayotoka hapo na kutengeneza picha. Katika kipimo cha PET kinachotumika zaidi, dawa hiyo ni aina ya sukari. Chembe za kansa nyingi zina njaa kubwa ya sukari, kwa hiyo zinajionyesha kwenye picha. Nairobi, Hospitali ya Aga Khan ilipata mtambo wa namna hii mwaka 2018. Hapa Durban, hospitali kubwa ya rufaa ya Inkosi Albert Luthuli, iliyofunguliwa mwaka 2002 kule Cato Manor, ina idara ya tiba ya nyuklia, na huko ndiko pia wagonjwa wengi wa upasuaji wa ubongo wa jimbo letu wanapelekwa.

Afrika Kusini ina nafasi ya pekee katika jambo hili. Karibu na Pretoria kuna mtambo wa nyuklia unaoitwa SAFARI-1, ulioanza kazi mwaka 1965. Kutoka huko hutengenezwa malighafi ya teknishiamu, dawa inayotumika zaidi katika kamera za nyuklia, na hupelekwa nchi nyingi duniani. Nguvu ya teknishiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo haiwezi kuwekwa ghalani. Mahali hapo panaitwa Pelindaba. Wanaosema Kizulu watakuambia kwamba jina hilo lina maana ya "mambo yamekwisha, hakuna mjadala tena." Nilipolisikia nilikumbuka maneno yangu kando ya kile kitanda.

Mmoja wa madaktari waliofanya kazi kubwa katika fani hii ni Profesa Mike Sathekge, aliyeongoza tiba ya nyuklia Chuo Kikuu cha Pretoria na Hospitali ya Steve Biko. Mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wanaume 17 wenye kansa ya tezi dume iliyokwisha kuenea mwilini. Walitumia dawa inayokwenda kushikamana na chembe za kansa hiyo. Ikibebeshwa mionzi hafifu, inaonyesha kansa iko wapi. Ikibebeshwa madini yanayoitwa aktiniamu, inakwenda mahali pale pale na kuipiga kansa kutoka karibu. Kwa wagonjwa 14 kati ya hao 17, kipimo cha damu cha kansa hiyo kilishuka kwa asilimia 90 au zaidi. Kundi lilikuwa dogo, na dawa ina madhara: mdomo wa mgonjwa hukauka, maana tezi za mate nazo huivuta dawa hiyo. Lakini hao ni wanaume ambao zamani tungesema hakuna la kufanya.

Lipo onyo ambalo madaktari hao hao wamelisisitiza, nalo linatuhusu sana watu wa Afrika. Picha haijisemei yenyewe. Kifua kikuu nacho hujionyesha kwenye kipimo cha PET kama kansa, kwa sababu askari wa mwili wanaopigana na ugonjwa nao wanakula sukari. Daktari asiyeuliza mgonjwa ametoka wapi na ameugua nini, anaweza kumwambia mtu mwenye kifua kikuu, ugonjwa unaotibika, kwamba ana kansa iliyoenea. Macho yameona vizuri, hukumu imekosea.

KIDONGE CHA USINGIZI KILICHOMWAMSHA MTU

Sasa nirudi kwenye ubongo, maana jina la Sathekge linapatikana huko pia. Mwaka 2000, katika jarida la madaktari wa Afrika Kusini, Ralf Clauss, Güldenpfennig, Wally Nel na Sathekge walieleza habari ya kijana mmoja aliyeumia kichwa katika ajali ya barabarani na kulala miaka kadhaa bila kuzungumza na mtu. Alikuwa hatulii, na daktari akampa kidonge cha usingizi kinachoitwa zolpidem ili apumzike. Badala ya kulala, kijana akaamka. Alimsalimu mama yake. Dawa ilipokwisha nguvu baada ya saa chache, akarudi kule alikokuwa. Wakampa tena, akaamka tena. Wakapiga picha ya nyuklia kabla na baada ya kidonge, na picha ikaonyesha sehemu za ubongo zilizokuwa zimefifia zikipata damu zaidi.

Msikimbilie duka la dawa. Zolpidem ilijaribiwa baadaye kwa watu wengi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, watu 84 walipewa, na walioonyesha mabadiliko ya kweli walikuwa 4. Kwa walio wengi haifanyi lolote la kuwaamsha. Somo lake ni jingine. Yule kijana hakuwa ameondoka. Alikuwa nyuma ya mlango ambao hakuna aliyejua unavyofunguliwa.

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake kule Cambridge, Uingereza, walimchukua mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari, ambaye kwa vipimo vyote vya kitandani hakuwa na fahamu. Wakamweka ndani ya mashine ya MRI inayofuatilia kazi ya ubongo, wakamwambia afikirie kwamba anacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo wa mikono ikaamka. Wakamwambia afikirie kwamba anatembea chumba kwa chumba nyumbani kwake. Sehemu nyingine ikaamka, ile ile inayoamka kwa mtu mzima anapowaza hivyo. Hakuweza kuinua kidole, lakini alisikia, alielewa na alitii.

Baada ya hapo wengi walidhani ni ajabu ya mtu mmoja. Mwezi Agosti 2024 ukatolewa utafiti uliokusanya vituo kadhaa. Kati ya wagonjwa 241 ambao hawakuweza kutimiza agizo lolote linaloonekana kwa macho, 60 walilitimiza ndani ya ubongo. Hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila wanne.

Wapendwa, rudieni sentensi hiyo. Fikirini vitanda vinne na watu wanne wasiojibu. Mmoja wao huenda ananisikia nikijadili bei ya kusafirisha mwili wake.

KOSA LA ELI

Mnakumbuka habari ya Hana pale hekaluni. Alikuwa anaomba moyoni, midomo inacheza na sauti haisikiki. Eli, kuhani mzee, mtu wa Mungu kweli, alimtazama akahukumu kwamba amelewa. Hakuwa mtu mbaya. Alitumia macho yake, na macho yakamwonyesha midomo isiyo na sauti, naye akajaza mwenyewe kilichobaki. Sifa yake ni kwamba Hana alipojieleza, alikubali kusahihishwa, akambariki.

Lakini Hana aliweza kujieleza. Mgonjwa wetu hawezi. Hapo ndipo swali linakuwa la maadili na si la udaktari tu. Mtu anayeweza kujitetea, kosa langu juu yake lina mahali pa kusahihishiwa. Asiyeweza kujitetea, kosa langu linabaki juu yake kama jiwe. Kwa hiyo kadiri mtu anavyokuwa hana sauti, ndivyo ninavyopaswa kuchelewa kumhukumu. Sisi hufanya kinyume. Anayelalamika tunamsikiliza haraka, aliyenyamaza tunamfunga haraka.

Mtu atasema: haya ni mambo ya Cambridge na Pretoria, sisi mashine hizo tutazipata wapi? Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipojifunza habari ya kioo.

Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji walichunguza wagonjwa 44 ambao madaktari wao walikubaliana kwamba hawana fahamu kabisa. Hawakutumia mashine. Walitumia kipimo cha kitandani kilichopangwa vizuri, kinachorudiwa kwa subira: kumwita mtu, kumwomba atazame, kumgusa, kungoja. Waligundua kwamba 18 kati ya 44 walikuwa na dalili za fahamu zilizokuwa zimepitwa. Kimojawapo cha vifaa vya kipimo hicho ni kioo cha kawaida cha kujitazamia. Imeonekana kwamba mgonjwa ambaye macho yake hayafuati kidole wala taa, mara nyingine hufuata uso wake mwenyewe ukisogezwa taratibu kwenye kioo.

Kioo cha namna hiyo kinauzwa pale sokoni karibu na Warwick kwa pesa ya mkate. Kilichokosekana kwa wale 18 hakikuwa mashine ya mamilioni. Kilikosekana mtu wa kukaa, kurudia na kungoja. Na hicho, wapendwa, ndicho familia na kanisa vinacho kuliko hospitali yoyote. Daktari ana wagonjwa wengi na dakika chache. Mke anakaa saa nzima, naye ndiye anayejua mume wake alikuwa anatikisaje kichwa akisikia wimbo anaoupenda.

JE, BASI TUSIMWACHIE MTU KAMWE?

Hapana, sikusema hivyo. Ni lazima niseme upande wa pili kwa ukweli ule ule, maana kuna watu wanaopita mjini wakiuza maji na mafuta kwa familia zilizokata tamaa.

Kwanza, kufa kwa ubongo si sawa na kulala bila fahamu. Ubongo wote ukifa, mboni haziitikii mwanga, koo halikohoi, na mashine ya kupumulia ikisimamishwa kwa kipimo maalumu mwili haujaribu kuvuta pumzi hata mara moja. Sheria ya Afya ya nchi hii ya mwaka 2003 inakitambua hicho kuwa ni kifo. Moyo bado unapiga kwa msaada wa mashine, mwili bado una joto, na hilo linaumiza sana. Lakini aliyepimwa hivyo na madaktari kwa utaratibu kamili hayuko nyuma ya mlango. Kumwachia si kumkana.

Pili, kuokoa uhai si sawa na kurudisha maisha ya zamani. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mkubwa wa upasuaji wa kuondoa sehemu ya fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi. Baada ya miezi 6, katika kundi lililopasuliwa waliokufa walikuwa karibu 27 kati ya 100. Katika kundi lililopewa dawa tu, walikufa karibu 49 kati ya 100. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini waliobaki hai bila fahamu nao waliongezeka, kutoka karibu 2 hadi zaidi ya 8 kati ya 100, na wengine wengi walibaki wakihitaji mtu wa kuwalisha na kuwaosha. Daktari anayeiambia familia "tumeokoa maisha yake" amesema kweli, ila si kweli yote. Familia ina haki ya kuuliza: atakuwa mtu wa namna gani, na nani atamtunza, hapa au kule nyumbani?

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo tunaitumia kwa mtu asiyeshaurika, lakini nadhani imetuzoesha vibaya. Tukimwona mtu hasikii, tunasema ni sikio la kufa. Nilichojifunza ni kwamba hatuna haki ya kuamua kwa kutazama tu sikio gani ni la kufa. Ni lazima lipimwe, tena kwa subira. Likishapimwa ipasavyo na ikajulikana kwamba kweli limekufa, hapo tusilidanganye wala tusijidanganye.

KWA NINI MACHACHE, NA KWA NANI?

Najua swali linalofuata, kwa sababu naishi nanyi. Mashine ni chache, na sisi ni wageni. Mwaka 2025 mliona vikundi vikisimama malangoni mwa zahanati na hospitali za serikali, Addington ikiwemo, vikidai vitambulisho na kuwarudisha watu. Baadhi yetu waliogopa kwenda hata na watoto wagonjwa.

Katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya, na kwamba asikataliwe mtu yeyote matibabu ya dharura. Imetumia neno kila mtu, si kila raia. Anayegongwa na gari usiku ni mgonjwa wa dharura, awe na karatasi au asiwe nazo. Tulijue hilo, tuliseme kwa heshima, bila ugomvi.

Lakini tuwe waadilifu na kwa majirani zetu pia. Uchache si uongo. Mwaka 1997 mwana wa mji huu huu, Bwana Thiagraj Soobramoney, aliyekuwa na umri wa miaka 41 na figo zilizokufa, aliiomba Mahakama ya Katiba iamuru apewe huduma ya kusafishwa damu pale Addington. Alikuwa raia. Mahakama, kwa uchungu, ilisema hospitali haikuwa na mashine za kutosha, na kwamba ugonjwa wake wa kudumu haukuwa dharura kwa maana ya kifungu kile. Alifariki muda mfupi baadaye. Mwaka 2017 Tume ya Haki za Binadamu iliripoti kwamba wagonjwa wa kansa wa jimbo letu walikuwa wananyimwa haki zao kwa sababu mashine za mionzi zimeharibika na madaktari wa kansa hawatoshi. 

Kwa hiyo jirani anayesema "hakuna nafasi" mara nyingi anasema kutoka kwenye kidonda chake. Anakosea anapodhani kwamba kuniondoa mimi kwenye foleni kutamletea yeye mashine. Bwana Soobramoney hakusukumwa na mgeni. Alisukumwa na uchache, na uchache hutibiwa kwa kuongeza na kugawa kwa haki. Kuna jambo moja linalotuunganisha sote katika foleni ile: kila mmoja anaogopa kutazamwa kama mtu ambaye hayupo. Picha ya ubongo haionyeshi mtu alizaliwa Goma au Nongoma. Kipimo cha yule mwanamke wa Cambridge kiliuliza swali moja tu: je, kuna mtu humu ndani? Hilo ndilo swali la kwanza tunalodaiana sisi kwa sisi, langoni na kitandani.

TUFANYEJE

Mama yangu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Mpaka ipimwe vizuri na kuthibitishwa kwamba hayupo, mhesabu kuwa yupo. Ukikosea kwa upande huo, umepoteza maneno machache masikioni mwa asiyesikia. Ukikosea kwa upande wa pili, umemwacha mtu hai peke yake gizani, akiwasikia ndugu zake wakimzika. Makosa hayo mawili hayalingani, na kwa sababu hayalingani, njia ya haki iko wazi hata kabla ya mashine kutujibu.

Kwa vitendo, basi, niwaombe mambo machache.

Ajali ikitokea, twende haraka. Kuna dawa ya kuzuia damu kuvuja, ya bei nafuu, ambayo utafiti wa watu zaidi ya 12,000 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya walioumia kichwa kwa kiasi kidogo na cha kati ikitolewa mapema, ndani ya saa 3. Tusimlaze mtu nyumbani kwa kuogopa karatasi, tukisema atazinduka asubuhi.

Tukimtembelea mgonjwa, tuseme sisi ni nani na leo ni siku gani. Tumwite jina lake alilozoea nyumbani. Kama mama yake yuko Uvira au Kigoma, apige simu na simu iwekwe sikioni. Tumwombe afanye kitu kimoja chepesi, kisha tungoje, tena tungoje zaidi ya tunavyotaka. Tukiona jicho limefuata au kidole kimesogea, tuandike saa na tumwambie muuguzi, bila kutia chumvi. Na tukiwa na haja ya kuzungumza habari za pesa, koridoni kupo.

Kwa wanaume: kansa ya tezi dume hutibika vizuri zaidi ikijulikana mapema, na mficha uchi hazai. Msitusubirishe mpaka tuje kuwapigia simu nyumbani.

Na madaktari wakisema wamepima mara zote zinazotakiwa na ubongo umekufa, tukusanyike, tuimbe, tumshike mkono mara ya mwisho, na tumwachie Bwana aliye wake. Hapo ndipo mchango wa msiba unaanza, na tutauchanga wote.

Kuhusu ndugu yetu, wiki ya tano nilirudi peke yangu. Nilikaa, nikamwomba msamaha kwa yale niliyosema siku ya tisa. Nilimwambia kwamba kiti chake katika kwaya kiko wazi, sauti ya nne imepungua. Macho yake yalikuwa nusu wazi, yakitazama dari. Nilingoja. Hakuna kilichosogea nilichoweza kuona. Yule muuguzi alipita, akanitazama, akaniletea kiti kizuri zaidi, maana kile nilichokalia kilikuwa kimevunjika mguu. Nikaendelea kukaa mpaka saa ya wageni ikaisha.

Tuwakumbuke katika maombi wiki hii wote waliolazwa, wanaowauguza, na wale ambao hakuna anayewatembelea. Anayeweza kwenda Jumatano jioni na kikundi cha kutembelea wagonjwa aandike jina lake kwenye karatasi mlangoni.